Mahali pa Domitila kwenye Dirisha la Lori

Domitila Arriaga alizoea kula kwa kusimama. Hata nyumbani kwake, penye meza nzuri na viti vyenye mito aliyoishona mwenyewe, ungemkuta kando ya jiko, sahani mkononi, kiwiko kakitanua ili mchuzi usimchirizikie kwenye blauzi. Binti yake Nereida alikuwa akimwambia, "Mama, kaa basi, hakuna anayekufukuza." Naye hujibu, "Nikikaa nitasinzia, nikisinzia chakula kitapoa."

Tabia hiyo aliitoa kiwandani. Alipofika Los Angeles kutoka kijijini kwao Jalisco, bado msichana wa mikia miwili ya nywele, alipata kazi kwenye kiwanda cha kushona suruali za jinzi, na kiwanda kile hakikuwa na chumba cha kulia. Kilikuwa na lori la kuuza chakula. Lilikuja saa ya mapumziko likipiga honi yenye wimbo, na honi ile ikilia mashine zote zilinyamaza kwa pamoja kama kuku waliomwona mwewe. Wanawake walitoka mbio, vumbi la buluu puani, wakajipanga kwenye dirisha la lori. Walikula wamesimama, wakacheka wamesimama, wakasengenya wamesimama. Honi ikalia tena, wakarudi ndani. Kwenye foleni ile Domitila alijifunza mji mzima: nani anapangisha chumba, kasisi gani anaungamisha haraka, msimamizi yupi wa kukaa naye mbali. Mume pia alimpata hapo hapo. Melquiades alikuwa mpiga pasi, mtu mpole, akamwachia zamu yake, kesho yake akamwachia tena, mpaka wenzake wakamwuliza, "Wewe mwenzetu unakula lini?"

Mwenye lori alikuwa Fidencio Quiñones, kijana wa Jalisco kama wao. Nereida alipozaliwa, Fidencio ndiye aliyembeba kwenye maji ya ubatizo. Na kwetu mtu akishambeba mwanao kwenye maji yale si rafiki tena. Atakuita komadre, utamwita kompadre, mkewe naye atakuwa komadre wako, na mna ahadi mbele ya altare kwamba hamtavunjiana heshima mbele za watu. Mkiwa na lenu mtalimaliza ndani, mlango umefungwa. Nimeona watu wa damu moja wakitukanana sokoni, lakini makomadre, hapana.

Miaka ikaenda. Kiwanda kikafungwa, Melquiades akazikwa, Nereida akaolewa, na Fidencio akaacha kuzunguka na lori. Aliliegesha mtaa wa Boyle Heights, kwenye uwanja wa duka la matairi la mtu mmoja anaitwa Tacho, na likabaki hapo. Domitila alikwenda kila Jumamosi mchana. Alikuwa na mahali pake, pembe ya kushoto ya dirisha, karibu na mabakuli ya pilipili ya kusaga, na aliyemkuta mgeni amesimama pale alimwambia, "Sogea kidogo, mwenyewe anakuja." Alikula tortila, zile chapati nyembamba za mahindi, zenye nyama ya ng'ombe, kitunguu, kotmiri na ndimu, akasikia habari za wiki nzima, akatoa zake, akarudi nyumbani ameshiba kote kuwili.

Ugonjwa ulimjia kwa hila. Tumbo likimjaa kama ngoma, akasema ni maharage. Akikosa damu mpaka kucha zikawa nyeupe, akasema ni uzee. Vidonda vya mdomoni, akasema ni pilipili. Mwili ukamwisha, sketi zake akazikunja kiunoni kwa pini, akasema ni majonzi ya Melquiades. Siku alipoteleza bafuni na mfupa wa mkono ukavunjika kama kijiti, Nereida akampeleka hospitali kwa nguvu. Wakampima hiki na kile, mwisho daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akamwambia ana ugonjwa wa siliaki.

"Ngano, mama," daktari akasema. "Ngano na shayiri. Ukila, mwili wako unadhani umevamiwa, unapigana, na anayeumia ni utumbo wako mwenyewe."

"Basi nitapunguza."

"Si kupunguza. Hata chembe iliyobaki kwenye kisu ni nyingi."

"Mpaka lini?"

"Maisha."

Domitila akashusha pumzi, akajipiga kifua. "Afadhali. Mimi ni mtu wa mahindi." Asubuhi moja tu aliulilia mkate mtamu wa kuchovya kwenye kahawa, akaulilia kweli kweli kama maiti, kisha akafuta machozi akautoa kabatini. Hakudhani kwamba siliaki ingemfuata mpaka kwenye lori. Tortila ya mahindi ni mahindi, nyama ni nyama. Ngano itoke wapi?

Ilitoka kila mahali. Nyama inalazwa kwenye bia ili ilainike, na bia ni shayiri. Mchuzi mweusi wa chupa wanaommwagia kuku una ngano. Mafuta ya kukaangia samaki yana unga wa ngano anaopakwa samaki. Na juu ya hilo bapa la chuma wanalopashia tortila za mahindi, dakika iliyopita imelala tortila ya ngano, ile pana inayofungiwa nyama na maharage kuwa burito. Akaanza kuuliza maswali. Kwenye lori moja barabara kuu kijana akamsikiliza kwa adabu zote, kisha akamwambia, "Usijali bibi, tutautoa mkate, nyama tutakupa."

"Na huo mkate umekaa wapi?"

"Juu ya nyama."

"Basi mpe mkate salamu zangu," akasema Domitila, akaondoka.

Malori mengine aliyaacha bila majonzi. La Fidencio ndilo lililomnyima usingizi. Alikaa Jumamosi mbili tatu bila kwenda, akisingizia mvua katika mji usiojua mvua, mpaka Fidencio mwenyewe akaja kubisha mlangoni, aproni yake kiunoni.

"Komadre, nimekukosea nini?"

Akamweleza. Fidencio alisikiliza kofia mkononi kama yuko msibani. Alipomaliza akauliza jambo moja tu. "Ngano peke yake?"

"Na shayiri."

"Basi zinatoka kwangu leo."

Na zilitoka. Wiki ile ile hapakuwa tena na burito kwenye lori la Fidencio. Bia aliwapa vijana wa Tacho wakainywa, chupa ya mchuzi mweusi akaitupa, samaki akamfuta kwenye ubao. Akanunua bapa jipya la chuma na makoleo mapya, akasugua lori ndani kwa maji ya moto mpaka rangi ikatoka. Kisha akachukua brashi, akaandika ubavuni kwa herufi nyekundu kubwa: MAHINDI MATUPU.

Wateja walinung'unika. Tacho, aliyekuwa na kitambi cha kuwekea sahani, alinung'unika kuliko wote. "Yaani tumbo la Domitila linaumwa, langu ndilo linafungishwa?"

"Funga, Tacho," akasema Fidencio kutoka dirishani. "Labda mwaka huu utaviona viatu vyako."

"Viatu vyangu navijua. Burito ndiyo nitaisahau sura."

Domitila akarudi kwenye pembe yake. Alikula tortila ya kwanza kwa woga na ya pili kwa raha, na Fidencio akimtazama kutoka juu kama mama anayemwona mtoto akinywa dawa. Wote walicheka siku ile. Jioni tumbo likamkamata. Alitapika, akaharisha, viungo vikamwuma kama aliyepigwa, akalala kwenye sakafu ya bafu kwa sababu sakafu ile ilikuwa baridi na yeye alikuwa anawaka.

Fidencio alipopata habari hakusema ni uongo, kama wengi wangesema. Alisugua upya. Akamshuku Tacho kwamba anakuja na sandwichi yake na makombo yanaingia kwenye mabakuli ya pilipili, akayahamishia mabakuli ndani. Domitila akala tena, akaugua tena. Fidencio akabadilisha viungo vya nyama. Domitila akaugua. Nyumbani kwake mwenyewe, wiki nzima, alikuwa mzima kama kengele. Ikija Jumamosi ya lori, Jumapili ni kitandani.

Nereida akachoka. Daktari alikuwa amempima mama yake damu tena na akasema bado kuna ngano inaingia mahali. "Mama, nampenda baba yangu wa ubatizo, anajua. Lakini inatoka kwenye lile lori. Mimi sikuziki kwa ajili ya foleni."

"Nitakwenda na chakula changu."

"Nenda nacho."

Akaenda nacho. Alibeba wali na maharage kwenye kopo lenye mfuniko, akasimama kwenye pembe yake, akala kwa uma wa nyumbani. Watu walimwonea huruma, na hapo ndipo palipoharibika. Soga zikapoa. Mmoja akasogea kumpisha, kama unavyompisha mtu mwenye magongo. Tacho, ambaye hakuwahi kukosa neno la kumchokoza, akamwuliza kwa sauti ya hospitali, "Vipi hali, Bi Domitila?" Bi Domitila! Alitamani amrushie kopo. Alirudi nyumbani na njaa ambayo wali haukuigusa, na usiku akamwambia Nereida kwenye simu, "Nipe Jumamosi moja tu. Nikiugua, sitakwenda tena, na wewe usinikumbushe."

Jumamosi ile Fidencio alivaa glavu mpya mbele ya macho yake. Mkewe Amparo alikuwa ndani, upande wa nyuma, akikandamiza madonge ya unga kuwa tortila na kuyatupia kwenye chuma. Amparo alikuwa mwanamke mrefu wa Sonora, kaskazini, nchi ya ngano, mwenye mikono ya kuweza kumbeba ndama na ulimi wa kuweza kumwuza. Unga aliukanda nyumbani alfajiri, akaja nao kwenye ndoo iliyofunikwa kitambaa. Tortila zake zilikuwa na sifa mpaka ng'ambo ya mto: laini, hazipasuki, unaweza kuzijaza mpaka zikaomba radhi. Fidencio alijisifu nazo kuliko alivyojisifu na nyama. "Mke wangu ni wa ngano kwa kuzaliwa," alikuwa akiwaambia wateja, "lakini mahindi yenyewe yanamwamkia."

Domitila akapokea sahani. Kabla hajatia kitu mdomoni, Tacho akaanza kusimulia habari ya mteja aliyekuja na tairi lililotobolewa na jino la bandia, la mteja mwenyewe, na kisa kikawa kirefu, na watu wakawa hoi kwa kucheka. Kilipoisha, tortila ya Domitila ilikuwa imepoa. Akaitoa nyama pembeni, akaikunja tortila tupu ile, bila kufikiri, kama mtu anavyokunja kitambaa. Akaikunja tena. Na tena. Ikawa ndogo kama leso, wala haikuonyesha ufa.

Mikono yake ndiyo iliyoshtuka kwanza. Mikono ile ilitengeneza tortila tangu ilipokuwa haifiki kwenye jiwe la kusagia. Ilijua kuwa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, yakasagwa, yakakandwa kwa maji peke yake, yanakunjika yakiwa moto. Yakipoa, yakunje, yatakatika. Mama yake Domitila hakuwahi kutoa tortila baridi iliyokunjika mara tatu. Wala bibi yake. Wala mwanamke yeyote wa Jalisco.

Akainua macho. Amparo alikuwa amesimama nyuma ya bega la mumewe, donge mkononi, akiitazama mikono ya Domitila. Hakuwa anatazama uso. Mikono.

"Kompadre," Domitila akasema, "nimeshiba."

"Umeshiba nini, nawe hujala?"

"Kisa cha Tacho kimenijaza."

Watu wakacheka, Tacho akainama kama mwigizaji. Domitila akaifunga tortila kwenye karatasi, akaitia mkobani, akaenda zake. Neno moja tu lingemwokoa tumbo na kumwua Amparo pale pale, mbele ya foleni nzima, mbele ya maandishi mekundu ya mumewe. Alilimeza.

Jumatatu lori halifanyi kazi, na Fidencio huenda kununua nyama. Domitila akaenda nyumbani kwao, akapita mlango wa jikoni. Amparo alikuwa anapanguza meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Karibu komadre. Kahawa?"

"Baadaye. Nimekuja tukande pamoja."

"Tukande nini?"

"Mahindi."

"Wewe hujui kukanda?"

"Ninajua. Ndiyo maana nimekuja."

Amparo akaikunja ile nguo ya kupanguzia, akaikunjua, akaitandaza. "Kama una neno na unga wangu, liseme. Wateja wangu wote wanausifu."

"Wateja wako wote hawalali kwenye sakafu ya bafu."

Amparo akaanza kwa ukali, maana ndivyo alivyoanza kila kitu. "Konzi moja! Konzi moja tu ya ngano kwenye ndoo nzima! Hata mtoto mchanga haimdhuru. Na inapita kwenye moto, Domitila, chuma kile ni chekundu! Nilidhani moto unaiua."

"Moto unaua vijidudu. Ngano si kijidudu, ikiungua inabaki ngano iliyoungua. Daktari kanieleza."

"Mimi hakunieleza."

"Ungeniuliza mimi."

"Nikuulize vipi?" Akavuta kiti, akakaa mzimamzima kama gunia. "Nikuulize, 'Komadre, je, uongo wangu unakuumiza?' Fidencio mwenyewe hajui. Aliponioa nikaja kwao, tortila zangu za kwanza za mahindi mama yake alizishika hivi, moja moja, akazipasua mbele ya mawifi zangu wote. Akasema, 'Huyu wa kaskazini ametuletea vigae.' Vigae! Mimi, ninayeweza kutandaza ya ngano mpaka unaona jua upande wa pili. Kesho yake nikatia konzi ya ngano nyumba ikiwa imelala. Zikatoka laini. Mama mkwe akala tano, hakusema neno. Kwa yule mama, kutosema neno ndiyo medali. Sikuwahi kuacha."

"Na mimi nilipougua?"

"Nilijaribu." Amparo akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ile mara ya pili. Nikatenga donge lako, mahindi na maji tu. La kwanza likapasuka kwenye koleo la Fidencio. Akanigeukia mbele ya wateja, 'Amparo, komadre wetu ndiye unampa makapi?' Nikalitupa, nikakupa la kwenye ndoo. Niliona haya, Domitila. Haya hiyo hiyo ya vigae."

Domitila alikuwa amekuja na hasira yake aliyoifunga vizuri tangu Jumamosi, na alitaka kuifungua. Akaifungua kidogo. "Nimepungua mpaka sketi haina pa kukaa. Mwanangu anataka kunikataza nisiwaone. Ulinitazama nikila."

"Nilikutazama."

"Ukaona ninaitafuna."

"Nikaona. Kila Jumapili nilikwenda misa nikikuombea."

"Ukiniombea na huku unaitia!"

"Nikikuombea na huku naitia," Amparo akakubali, na namna alivyolisema, macho mekundu, ndevu mbili tatu za kidevuni zikimtetemeka, Domitila akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia. Amparo akamtazama kwa hofu, kisha naye kikamshika, wakacheka wale wanawake wawili mpaka mmoja akashikilia meza na mwingine akashika ubavu, na katikati ya kucheka Amparo akalia, na katikati ya kulia akasema, "Wewe lakini ulikunja mara tatu, mshenzi wewe. Mara tatu!"

"Lete ndoo," akasema Domitila.

Wakakanda. Domitila alichukua bakuli jipya na maji, akatia mikono. "Wewe unaukanda kama ngano, unauadhibu," akamwambia. "Mahindi hayana mshipa wa kuvuta. Yatie maji ya vuguvugu, yaache yalale, yaulize kama yametosha." Tortila za kwanza za Amparo zilipasuka pembeni. Za Domitila zilikuwa nzuri zikiwa moto, na zilipopoa nazo zikapasuka, kama ilivyo haki yake. Ndivyo yalivyo mahindi, na watu wameyala hivyo tangu kabla ya kuwa na Jalisco.

"Fidencio nitamwambia mimi," akasema Amparo mlangoni. "Usiniambie la kusema."

"Sikuambii. Lakini yale maandishi, Amparo. Kuna mwingine kama mimi atakayeyasoma ayaamini."

"Najua. Nenda."

Alimwambia usiku huo huo. Fidencio hakupiga kelele. Alifanya kitu kibaya zaidi kwa mtu msemaji, alinyamaza. Alinyamaza Jumanne, akanyamaza Jumatano. Hakuikasirikia sana konzi ile ya ngano; alikasirika kwamba alikuwa amejisifu, miaka yote, kwa kila aliyekuja na asiyekuja. Alhamisi Amparo akatoa ngano yote nyumbani, hata ile aliyokuwa akijitandazia mwenyewe asubuhi, akampelekea jirani. Ijumaa Fidencio akamkuta uani anachemsha ndoo, koleo, ubao, kila kitu. Akasimama pale. Kisha akakunja mikono ya shati, akashika upande wa pili wa ndoo. "Mama yangu alikula tano?" akauliza.

"Tano."

"Kwangu alisema hazina chumvi." Na huo ndio ukawa mwisho wa kimya.

Jumamosi Amparo alishuka kutoka kwenye lori, jambo asilofanya kamwe, akasimama mbele ya foleni na mikono yake yenye unga. "Sikilizeni. Mpaka juzi nilikuwa natia ngano kidogo. Sasa sitii. Tortila za leo zinapasuka. Nitawapa mbili mbili, ya chini imshike ya juu. Anayetaka laini aende kwa mwingine, na asirudi kunisimulia."

Mtu mmoja akaguna. Tacho akawa wa kwanza kuagiza, na alipouma, nusu ya nyama ikamdondokea. Akainama kuitazama pale chini. "Bi Amparo," akasema taratibu, "leo kiatu changu kimekula vizuri kuliko mimi."

"Kilipie na chenyewe!" Amparo akamjibu kutoka ndani, na vicheko vikaanza, mmoja baada ya mwingine, na watu wakaanza kula vichwa vimetangulia mbele kama kuku, wakinyonya vidole, wakilaumu, wakiagiza nyingine.

Nereida alikuja na gari lake, akasimama mikono kifuani kama askari. Domitila alikuwa kwenye pembe yake. Alikula mbili. Mchuzi ulimtiririka mpaka kwenye kiwiko, blauzi ikaharibika, hakujali. Hakusema kama ni tamu. Alikuwa anasikiliza tumbo lake, na kila aliyemjua alikuwa analisikiliza pamoja naye. Tacho akamwambia, "Wewe mwanamke, ukiugua tena mimi nitakula sandwichi yangu juu ya kaburi lako," na hakuna aliyewahi kumwambia neno lililompendeza zaidi.

Jioni alikaa kitandani, ndoo karibu, Nereida kwenye kiti. Saa ya tumbo kuanza ikafika, ikapita. Wakangoja. Nereida akasinzia kichwa kimeinama. Domitila hakusinzia mpaka alipojikuta amesinzia.

Alfajiri simu ililia mara moja tu huko kwa akina Quiñones, ikapokelewa. Ni dhahiri mtu alikuwa ameilalia.

"Haya?" akasema Amparo, bila salamu. "Haya, sema! Umeamkaje?"

Domitila alikuwa amesimama jikoni, kando ya jiko, mkono mmoja kiunoni.

"Nina njaa," akasema.